Ampuli Zilizoingia Bluu

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: ampuli iliyozamishwa kwenye maji ya bluu ikatoka bila bluu ndani yake, je, ni nzima, au ina ufa ambao bluu haikuuona? Nikigeukia ukutani niliamini ni nzima. Nikigeukia mlangoni niliuona ufa. Shangazi yangu, ambaye chumba chake kilitengwa na changu kwa mbao tu, aligonga akauliza kama nina funza.

Sikuwa na funza. Nilikuwa na cheti.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, na mimi nilikuwa nimerudi Njombe kutoka pwani, nilikosomea kazi ya dawa. Shangazi alipoulizwa kanisani mtoto wa kaka yake amesomea nini, alijibu, "Kuhesabu vidonge," na Walutheri wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima, maana vidonge vilikuwa vingi. Hospitalini nilipewa ufunguo wa stoo ya dawa, koti jeupe lililonizidi mabega, na muda mwingi wa kufikiri. Huo muda ndio ulioniharibu.

Asubuhi moja ya ukungu lori lilituletea sanduku la ampuli za maji ya sindano. Penisilini ya siku zile ilikuja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa chenye kizibo cha mpira, na ili umchome mtu ilikubidi uikoroge kwanza kwa maji safi kabisa. Maji hayo ndiyo yaliyokuja kwenye ampuli: vichupa vyembamba vya kioo visivyo na kizibo, shingo zake zimeyeyushwa kwa moto kiwandani mpaka zikajifunga. Maadamu kioo ni kizima, maji ni safi. Kioo kikiwa na ufa, hata ule wa unywele, uchafu umeshaingia, na ukimchoma mgonjwa unamchoma pamoja na uchafu huo.

Sanduku lile lilikuwa limelowa upande mmoja.

Daktari wetu, Mzungu mrefu aliyependa kusafiri kuliko kukaa, alikuwa anapanda Landrova kwenda ziara ya Ludewa mpaka Manda, kule ziwani. Alilitazama sanduku kupitia dirisha la gari.

"Yaangalie," alisema kwa Kiswahili chake, na gari likaondoka.

Mtu mwingine angefungua sanduku, akatoa zilizovunjika, akafuta zilizobaki, akaenda kunywa chai. Leo naamini ndicho daktari alichotaka. Mimi nilikaa kwenye kiti cha stoo nikajiuliza: kuangalia vipi? Kwa macho? Ufa wa unywele hauonekani kwa macho. Angekuwa anataka niangalie kwa macho, si angeangalia mwenyewe? Kwa nini aliniambia mimi, mwenye cheti?

Kitabu changu cha shule kilikuwa na ukurasa mmoja juu ya jambo hilo. Kilieleza jinsi ampuli zinavyozamishwa kiwandani kwenye maji yenye rangi, ndani ya chombo kilichofungwa, kisha hewa ikanyonywa kutoka chomboni, halafu ikaachiwa irudi kwa ghafla. Hewa inaporudi huyasukuma yale maji, na penye ufa rangi huingia. Ukiziosha ampuli na kuziinua kwenye mwanga, iliyovuja utaiona kwa bluu iliyo ndani. Kitabu hakikusema lolote juu ya mtu asiye na kiwanda.

Rangi nilikuwa nayo. Stoo ilikuwa na unga wa bluu ambao chembe zake chache zingeweza kugeuza ndoo nzima. Nilichokosa ni kitu cha kunyonya hewa, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi baiskeli aliyekaa karibu na soko. Alinisikiliza huku ameshika gurudumu la mtu mwingine.

"Ngoja kwanza," alisema. "Unataka pampu inayonyonya?"

"Ndiyo, fundi. Itoe hewa badala ya kuingiza."

"Mdogo wangu, watu wote wanakuja hapa kwa sababu upepo umetoka. Wewe ndiye wa kwanza kuja kuomba utoke."

"Ni kazi ya hospitali."

"Ahaa, hospitali," alisema, kana kwamba neno hilo linaeleza upuuzi wowote. Alifungua pampu, akaitoa ile ngozi ya mviringo iliyo mwisho wa fimbo yake, akaigeuza uso nyuma, akatengeneza na kitu kingine kidogo mdomoni mwa pampu ambacho hakunionyesha, akairudisha. Akaniwekea kidole changu kwenye tundu na kuvuta. Kidole kikanaswa. Tulitazamana, na nadhani hata yeye alishtuka kidogo.

Kwa chombo, nilianza na debe la mafuta ya taa. Nililijaza maji nusu, nikalifunika kwa ubao wenye tundu la mpira wa pampu, nikaziba pande zote kwa nta ya nyuki. Nilivuta pampu mpaka mikono ikauma. Ghafla debe likajikunja lenyewe, bila mtu kuligusa, kwa mlio kama wa bunduki. Muuguzi wa zamu alikuja mbio. Alilitazama debe, akanitazama mimi, akaufunga mlango taratibu akiwa upande wa nje.

Baada ya hapo nilikwenda duka la Mhindi nikaomba ile chupa kubwa ya kioo wanayowekea peremende, yenye mdomo mpana na kioo kinene kama kidole. Chini ya kifuniko chake nikaweka pete niliyoikata kwenye mpira wa baiskeli, juu yake nta, na kifuniko nikakitoboa tundu la pampu. Chupa ilistahimili. Au nilidhani inastahimili, maana sasa lilizuka jambo lingine: nitajuaje kama chombo cha kupimia uvujaji chenyewe hakivuji? Nilipaka povu la sabuni kwenye mdomo wake nione kama litanyonywa. Halikunyonywa. Kisha nikafikiri, huenda povu ndilo lililoziba. Nikalifuta. Bila povu sikuwa na njia ya kujua. Nikalipaka tena. Hivyo ndivyo ilivyopita mchana mzima wa serikali.

Mwishowe nikazamisha kundi la kwanza la ampuli, nikanyonya hewa, nikaiachia, nikaosha, nikainua moja moja dirishani.

Hakuna hata moja iliyoingia bluu.

Hilo lilinitisha kuliko kama zote zingeingia. Sanduku lililowa, na maji hayo yalitoka mahali fulani. Kama kipimo hakioni uvujaji ambao hata ubao wa sanduku umeuona, basi kipimo ni kipofu. Nikarudi nyumbani nikiwa nimekunja uso.

Shangazi alikuwa jikoni na chungu cha maharage yaliyokuwa motoni tangu asubuhi.

"Mikono hiyo vipi?" aliuliza.

Nikaitazama. Ilikuwa ya bluu mpaka kwenye viwiko. "Rangi ya kazini, shangazi."

"Bluu ya akina mama wa Katoliki hiyo. Ile ya vitambaa vyao vya Maria."

"Ni ya kupimia dawa."

"Sawa. Jumapili utaiweka mfukoni. Mchungaji ana macho." Akakoroga chungu. "Na maharage haya nayo hayataki kuiva. Huku juu bwana, mtu unaweza kufa njaa umekaa mbele ya chungu."

Nilisimama na kijiko mkononi. Pwani, nilikosoma, maharage yaliiva haraka. Mwalimu alitueleza sababu: mahali palipoinuka hewa ni nyepesi, maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Basi kama hewa ya Njombe haina nguvu hata ya kuivisha maharage ya shangazi, itapataje nguvu ya kuisukuma bluu ipite kwenye ufa wa unywele? Kitabu kiliandikwa Uingereza, karibu na bahari, kwa watu wenye hewa nzito. Ampuli zangu hazikuwa nzima. Hazikuwa zimesukumwa ipasavyo.

Usiku huo ndio shangazi alipouliza juu ya funza.

Ningeweza kuendelea kugeuka kitandani mpaka daktari arudi, lakini dresa wa Makambako alikuwa ananitumia ujumbe kwa kila dereva aliyepita. Huyo ndiye aliyeendesha zahanati ndogo pale njia panda, na ujumbe wake ulikuwa uleule: penisilini ninayo, maji sina, wagonjwa ninao. Mara ya mwisho dereva aliongeza kwa niaba yake kwamba kama maji yamekwama Njombe kwa sababu yanajifunza kusoma, basi yaletwe hivyohivyo yasivyojua kusoma.

Ndipo nikapata lililoonekana kwangu kuwa jibu. Makambako iko chini kuliko Njombe. Si chini sana, lakini baridi yake haina meno kama ya kwetu, na maharage yao huiva mapema kidogo. Nitapeleka kila kitu huko. Nitazipima ampuli kwenye hewa nzito zaidi, na zitatumika palepale bila kutikiswa tena barabarani. Niliona nimemaliza kila kitu.

Nilipanda lori nikiwa na sanduku mapajani, chupa ya peremende miguuni, na pampu shingoni kwa kamba. Kila shimo la barabara nililipokea kwa mifupa yangu ili ampuli zisilipokee. Mvua ilikuwa inanyesha, miti ya miwati ya pande zote imeinama.

"Bwana, umebeba mayai?" dereva aliuliza.

"Maji."

Alitazama mvua kwenye kioo, kisha sanduku. "Maji," alisema. "Ya kupeleka Makambako."

"Maji maalumu."

"Sawa, bwana." Akarudisha macho barabarani.

Zahanati ilikuwa nyumba ya tofali za udongo yenye bati na baraza refu, na baraza lilikuwa limejaa watu. Dresa, mtu mzima mwenye kitambi na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alinipokea kwa mikono miwili.

"Kamwene! Maji yako wapi?"

"Kamwene, mzee. Haya hapa. Lakini bado."

"Bado nini? Hayajaiva?"

"Nataka kuyapima kwanza."

Dresa aliondoa tabasamu lake. Alinishika mkono akanionyesha benchi la mwisho. Pale alikaa msichana aliyefungwa blanketi, ameegemea ukuta, anahema kama mtu aliyepanda mlima akikimbia. Baba yake, mzee mwembamba mwenye koti la jeshi lililochakaa, alikuwa amemleta kutoka Lyamkena juu ya baiskeli.

"Kichomi," dresa alisema kwa sauti ya chini. "Pande zote mbili. Huyu nilitakiwa kumchoma jana. Pima unachopima, lakini huyu hawezi kungoja."

Nilimwambia sitachukua muda. Ndani ya nyumba mlikuwa na giza, kwa hiyo nikapanga vyombo vyangu barazani, mbele ya watu wote. Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa na haraka, nilitaka mwanga.

Watu walisogea. Nilimimina bluu, nikazamisha ampuli, nikafunga kifuniko, nikaanza kuvuta pampu.

"Anapika nini?" mama mmoja aliuliza.

"Hapiki. Huoni moto."

"Hiyo si bluu ya nguo?"

"Ya nguo haitoi povu hivyo. Nyamaza, anajua."

"Anajua nini, naye ametokwa jasho kiasi hicho?"

Niliachia hewa, ikaingia kwa mluzi, watu wakarudi nyuma. Nikaosha ampuli. Nikainua ya kwanza kwenye mwanga: nyeupe. Nikairudisha sandukuni kwa wasiwasi. Ya pili nyeupe, nikairudisha. Nyingine, na nyingine. Kisha nikainua moja, na ndani yake, chini kabisa, palikuwa na bluu.

Niliruka. Sioni haya kusema hivyo, niliruka kweli kwa miguu miwili. Kipimo kilikuwa kinaona! Hewa ya Makambako ilikuwa imesukuma! (Miaka mingi baadaye nilikumbuka kwamba lile kundi la kwanza, la Njombe, nilikuwa nimelitoa upande mkavu wa sanduku. Hewa haikuhusika na lolote. Lakini siku ile nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda mtihani.) Niliigeuza ile ampuli juani, nikaitazama kwa upendo, nikaiweka kwenye beseni jeupe la enameli, na kwa kuwa nilitaka kuitazama tena vizuri baadaye, nikaifunika kwa kitambaa safi.

Kila nilipopata nyingine ya bluu niliifanyia hivyohivyo. Hazikuwa nyingi. Moja bluu yake ilikuwa hafifu sana, pengine ni ya nje tu, pengine ni mwanga wa anga. Hiyo niliiweka pembeni ndani ya beseni, juu ya pamba.

Dresa alikuja na bomba la sindano lililotoka kuchemshwa.

"Zipi nzima?"

"Zile za sandukuni. Zimefaulu. Lakini..."

"Lakini nini tena?"

"Nimefikiri. Kule kunyonya hewa kunavuta kioo. Ampuli iliyoingia nzima huenda imepata ufa wakati wa kupimwa. Kipimo kinatuambia ilikuwa nzima kabla, hakituambii iko vipi sasa."

"Sasa?"

"Sasa inafaa tuzipime tena."

"Na hicho kipimo cha pili hakitazivuta?"

"Pengine kitazivuta."

Dresa aliinamisha kichwa akafikiri, kwa haki kabisa, kama mtu anayejaribu kunielewa. "Kwa hiyo," alisema, "tutazipima mpaka ziishe."

Hakungoja jibu. Alinyoosha mkono kwenye sanduku, akachukua ampuli nyeupe, akaelekea kwa msichana. Hapo ndipo mzee wa koti la jeshi aliposimama.

"Hapana," alisema. "Hiyo usimchome binti yangu."

"Mzee, ni dawa ileile ya wote."

"Nimeona. Sisemi si dawa. Lakini mimi ni mkulima, nimekaa hapa nikimtazama huyu kijana anavyochagua." Alinigeukia, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu anayekumbusha jambo ambalo kila mtu analijua. "Mimi nikivuna mahindi, napitia lundo lote. Napata hindi moja zuri hapa, jingine pale. Machache. Hayo nayatenga, nayatundika juu ya moto, sitaki hata panya ayaone. Hiyo ndiyo mbegu. Yaliyobaki ndiyo tunayosaga tukala. Sasa wewe umepitia lundo lako, umetenga machache, umeyafunika. Na mimi unataka kunipa ya kusaga."

Baraza zima likaguna kwa kukubali.

"Mzee wangu, hizo nilizotenga ndizo mbovu," nilisema.

"Mbovu?"

"Zimevuja. Zimeingia rangi."

"Kitu kibovu unakifunika kwa kitambaa cheupe?"

Nilikitazama kile kitambaa.

"Kitu kibovu ukikiona unaruka kwa furaha?"

"Aliruka," mama mmoja alithibitisha. "Hata mimi nilimwona."

"Moja ameilaza kwenye pamba kama mtoto," mwingine akasema.

"Hizo ni za Wazungu."

"Za Wazungu wapi! Za ndugu zake wa Njombe. Mtazame mikono, yeye ameshajipaka ya kwake!"

Wakacheka, lakini hawakukaa chini. Waliokuwa wamekunja mikono ya mashati tayari kwa sindano wakaikunjua. Nilianza kueleza juu ya ufa, na hewa, na uzito wake, na nikafika kwenye maharage. Sijui kwa nini nilifika kwenye maharage. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Maharage yanaiva vizuri tu hapa," alisema.

Msichana alikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, cha mtu anayeogopa kukohoa kwa sababu kinamchoma ubavuni, na baada yake pumzi ilichelewa kurudi. Baba yake alimtazama, akanitazama, akanyoosha kidole kwenye beseni.

"Moja tu, bwana mganga. Sitaki zote. Mpe moja ya zile."

Dresa alinisogelea mpaka kitambi chake kikanigusa. "Mimi siwezi kumchoma binti wa mtu kwa nguvu mbele ya baba yake," alininong'oneza. "Nikifanya hivyo kesho hapa hatakuja mtu. Na wewe usithubutu kumpa hiyo bluu. Fanya jambo, msomi. Nyoka ameingia kwa mlango wako."

Nilisimama pale na mikono yangu ya bluu. Nilifikiri kusema kwamba za bluu ni za wanaume tu. Nilifikiri kusema kwamba ni za ng'ombe. Nilifikiri kumtumia daktari ujumbe Manda, na nikamwona daktari amekaa ufukweni anasoma ujumbe usio na kichwa wala miguu. Nilifikiri kwamba kama nikikubali na ampuli nyeupe ikawa na ufa, nitakuwa nimemuua mimi. Na nikiendelea kupima, atakufa yeye mwenyewe, pale kwenye benchi, mbele ya kipimo changu.

Na katikati ya fujo hiyo yote jambo moja lilitulia: mzee alikuwa ameniona vizuri kuliko nilivyojiona. Mtu hafuniki anachokusudia kutupa. Kanuni ya kitabu ilikuwa wazi, iliyoingia rangi iharibiwe papo hapo. Sikuziharibu. Nilizitunza kwa sababu sikuwa na hakika kwamba ni mbovu, kama vile sikuwa na hakika kwamba zile nyingine ni nzima. Ile iliyolala kwenye pamba nilikuwa nimeshapanga kuipima tena, na tena. Kama mimi mwenyewe sikuwa nimeamua zipi ni mbovu, nilitaka mkulima wa Lyamkena aamue kwa msingi gani?

Nikachukua beseni. Nikatoa kitambaa, nikampa dresa akishike.

"Anazipeleka wapi?" mama mmoja aliuliza.

Nilishuka barazani nikazunguka nyumba kwenda kwenye choo cha shimo. Nilisikia miguu nyuma yangu. Baraza zima lilikuwa linanifuata, mzee akiwa mbele. Mlangoni mwa choo nilisita. Ile ya kwenye pamba iliwaka kidogo juani, na kweli bluu yake ilikuwa hafifu, hafifu mno, huenda ilikuwa ya nje tu. Sikuiinua. Nikageuza beseni lote juu ya tundu, pamba na kila kitu. Vioo viligongana, kisha kukawa kimya, kisha mlio wa chini.

"Ametupa!"

"Amezitupa kweli! Mama yangu!"

Mzee aliinama, akachungulia shimoni kwa muda.

"Zote?" aliuliza.

"Zote, mzee."

"Hata ile uliyoruka?"

"Hata ile."

Alijinyoosha taratibu. Alikuwa ananitazama usoni, akitafuta kama kuna kitu nimebakiza. "Hakuna mtu anayetupa mbegu chooni," alisema mwishowe, akiwaambia wengine zaidi kuliko mimi. "Zilikuwa mbovu."

"Au yeye ndiye mbovu," mama mmoja alisema.

"Hilo silijui. Lakini zile zilikuwa mbovu."

Kutoka barazani tulisikia sauti ndogo, ya kukatikakatika. "Baba. Njoo bwana. Nimechoka kukaa."

Tulirudi. Nilifunua sanduku, nikaingiza mkono bila kuchagua, nikatoa ampuli ya kwanza iliyogusa vidole. Mkono ulitaka kuiinua kwenye mwanga, niliuhisi kabisa ukitaka. Nikaushusha. Nikapitisha tupa ndogo ya kukatia kioo shingoni mwa ampuli, nikaivunja kwa pamba, nikamkabidhi dresa. Aliyavuta maji, akayaingiza kwenye kichupa cha unga, akatikisa, akavuta tena. Mzee alimshika binti yake mabega. Dresa akachoma.

Msichana alipiga ukelele ambao sikudhani kifua kile kilikuwa nao, akamtukana dresa kwa Kibena, na benchi lote likaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeshachukua ampuli nyingine, naikata shingo.